MGENI MWENYE PETE MGUUNI

Khutba ya Ijumaa

(Ndugu msomaji, tafadhali usiisome karatasi hii wakati imamu yuko juu ya mimbari. Sikiliza kwanza, soma baadaye nyumbani, kisha umpe jirani.)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbingu bila nguzo tunazoziona na akawashika ndege angani bila kamba. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, tunakuusieni na tunajiusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu (S.W.). Yeye anatuona tunapokuwa msikitini, na anatuona pia tunapokuwa peke yetu nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna imamu wala jirani.

Tuanze na mfano. Chukulia kwamba wewe ni mkazi wa Bijombo, juu milimani. Ni jioni, ukungu unashuka, nawe umerudi kutoka shambani. Nyuma ya jiko unamkuta njiwa amejikunyata chini. Hakimbii. Macho ameyafumba nusu, mabawa yamelegea, kifua kinapanda na kushuka. Unapomshika unaona mguuni ana pete yenye herufi na namba. Watoto wamekuja mbio. Mmoja anasema, "Baba, tumchinje, leo kuna mboga." Mzee wa jirani anasema, "Mwache, huyo katumwa na mchawi." Kijana mwingine anasema, "Hiyo pete ni chombo cha wapelelezi, mpige jiwe." Na njiwa mwenyewe hana la kusema.

Je, Muislamu afanye nini? Hilo ndilo somo letu la leo. Usiseme ni jambo dogo, kwa sababu ndani yake mna mambo matatu makubwa ya dini yetu: huruma, amana, na kuepuka dhana mbaya. Na hayo matatu ndiyo yanayotupungukia sana katika nchi yetu.

HUYU MGENI NI NANI?

Kwanza tumjue, maana huwezi kumtendea haki usiyemjua.

Ndege mwenye pete mguuni anaweza kuwa mmoja kati ya wawili. Wa kwanza ni njiwa wa mashindano, yaani njiwa wa kufugwa aliyefundishwa kurudi nyumbani kwake. Wenyewe humpeleka mbali kwa gari, pengine kilomita 100, pengine 500, wengine hata zaidi ya 1,000, kisha humfungulia, naye hurudi mwenyewe mpaka kwenye kibanda chake. Wataalamu wanasema njiwa huyo hujiongoza kwa jua, kwa nguvu ya sumaku ya ardhi, kwa harufu zinazoletwa na upepo, na kwa milima na mito anayoitambua. Mchezo huu umeenea sana Ubelgiji, nchi ile ile iliyotutawala, na pia Uholanzi, China, Taiwan na Afrika ya Kusini. Pete yake haina mshono: huvishwa kifaranga akiwa na umri wa siku chache tu, na mguu ukishakua pete haitoki tena. Juu yake huandikwa herufi za nchi, mwaka aliozaliwa, na namba yake. Mguu wa pili huweza kuwa na pete nyingine ya plastiki yenye kifaa kidogo cha kuhesabu muda aliofika. Si bomu, si hirizi, si simu.

Wa pili ni ndege wa porini aliyevishwa pete na watu wa elimu. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba na anwani ili ajulikane kila ndege amefika wapi. Tangu hapo kazi hiyo imeenea dunia nzima. Kwetu sisi wa Uvira, huyu wa pili ndiye tunayeweza kukutana naye zaidi. Kila mwaka, baridi inapoingia Ulaya, mbayuwayu, korongo weupe na ndege wengine wengi huvuka bahari na jangwa wakaja Afrika. Bonde la Ruzizi na ufuko wa Ziwa Tanganyika ni kituo chao. Upande wa Burundi, delta ya Ruzizi imehifadhiwa kwa ajili ya wanyama na ndege, na ndege haulizi mpaka uko wapi. Mbayuwayu mmoja ana uzito wa gramu kama 20 tu, hafikii hata uzito wa yai la kuku, naye huvuka Sahara nzima.

Sasa fikiri. Ziwa letu liko kwenye mwinuko wa mita kama 770, na Bijombo iko juu kabisa, zaidi ya mita 2,000. Wewe unayeupanda mlima ule kwa miguu unajua magoti yanavyosema. Ndege aliyesukumwa na upepo wa mvua, au aliyekimbizwa na mwewe, au aliyekosa maji siku nzima, naye ana kikomo chake. Akianguka nyuma ya jiko lako, ujue hakuja kwa kupenda. Nguvu zimemwishia.

JAMBO LA KWANZA: HURUMA

Mwenyezi Mungu anatufahamisha katika Suratul An'aam, aya ya 38, kwamba wanyama wanaotembea ardhini na ndege wanaoruka kwa mabawa yao ni umma kama sisi tulivyo umma. Katika Suratul Mulk, aya ya 19, anatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu, wanakunjua mabawa na kuyakunja, na anatukumbusha kwamba hakuna anayewashika ila Mwingi wa rehema. Zingatia ndugu yangu: katika aya hiyo halikutajwa jina la nguvu wala la ghadhabu. Limetajwa jina la rehema. Basi ndege aliyeanguka mbele yako, aliyekuwa anashikwa na Mwingi wa rehema, sasa ameshushwa kwenye mikono yako ili ionekane mikono hiyo ina nini.

Mmesikia mara nyingi habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake cha ngozi, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba tope kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba waliuliza kama kweli kuna ujira kwa ajili ya wanyama, na Mtume (S.A.W.) akawajibu kwamba kuna ujira kwa kila kiumbe chenye uhai. Mmesikia pia habari ya mwanamke aliyemfunga paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie, akastahili Moto kwa ajili yake. Na katika safari moja masahaba walichukua makinda ya ndege mdogo, mama yao akawa anapapatika juu yao. Mtume (S.A.W.) alipoona aliuliza nani aliyemtia uchungu ndege huyo kwa watoto wake, na akaamrisha warudishwe. 

Sasa huruma bila ujuzi huweza kuua. Kwa hiyo tunaandika hapa namna ya kumsaidia, ili asiwepo wa kusema hakujua:

1. Usimkimbize. Mfunike taratibu kwa kitambaa, mshike kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamefungwa juu ya mwili wake, bila kukaza kifua. Ndege hupumua kwa kutanua kifua, ukimkaza, unamnyonga.

2. Mtie ndani ya katoni au tenga lenye matundu ya hewa, mahali penye kivuli na ukimya, mbali na paka, mbwa na watoto. Milimani usiku ni baridi, basi weka nyasi kavu au kitambaa chini.

3. Mpe maji kwanza, chakula baadaye. Njiwa hanywi kama kuku anayeinua kichwa. Yeye hutumbukiza mdomo na kufyonza. Basi chombo kiwe na kina cha vidole viwili hivi, kisipinduke. Usimmiminie maji mdomoni kwa nguvu, yatamwingia mapafuni.

4. Akishakunywa, mpe njiwa nafaka kavu kidogo: mtama, mchele usiopikwa, au mahindi yaliyovunjwavunjwa. Usimpe maziwa, mkate wala ugali wenye chumvi. Ikiwa ni mbayuwayu, jua kwamba yeye hali nafaka, anakula wadudu. Mpe mapumziko tu, na akipata nguvu mwachie aende.

5. Usimchanganye na kuku wako. Anaweza kuwapa kideri au kukipata kwao. Osha mikono kwa sabuni kila unapomshika, na watoto wasimbusu. Na ukikuta ndege wengi wamekufa pamoja, usiguse hata mmoja, bali mwarifu daktari wa mifugo. Januari 2017 mafua ya ndege yaliua ndege wengi ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Uganda, na maji yetu hayako mbali na maji yao.

6. Mara nyingi njiwa aliyechoka tu hupata nguvu kwa siku moja au mbili. Mfungulie asubuhi, jua likiwa limetoka na mvua haipo, mahali palipo wazi. Usimrushe juu. Weka katoni chini, fungua, ondoka hatua chache. Akitaka kwenda, atakwenda. Ikiwa bawa limevunjika au paka amemwuma, huyo anahitaji daktari wa mifugo. Jeraha la meno ya paka huua hata likiwa dogo.

Haya yote gharama yake ni kikombe cha maji na konzi ya mtama. Nani kati yetu ni maskini kiasi cha kukosa maji?

JAMBO LA PILI: AMANA

Hapa ndipo penye mtihani. Njiwa ni halali kuliwa, na njaa ipo. Hatuwezi kusimama mbele yenu, watu ambao wengine wamelala bila chakula, tukajifanya hatuijui njaa. Lakini halali ya nyama ni kitu kimoja, na halali ya kuichukua ni kitu kingine. Mbuzi ni halali, lakini mbuzi wa jirani si halali kwako.

Njiwa mwenye pete isiyo na mshono, yenye mwaka na namba, ana mwenyewe. Ile pete ni kama chapa kwenye ng'ombe. Nanyi wa Bijombo ni watu wa ng'ombe. Hakuna haja ya kuwafundisha maana ya alama. Tena usidhani ni mali ya mzaha. Novemba 2020 njiwa jike mmoja wa Ubelgiji, aliyepewa jina New Kim, aliuzwa katika mnada kwa euro milioni 1.6. Hatusemi kila njiwa ana bei hiyo. Wengi thamani yao ni ndogo. Tunachosema ni kwamba hukumu haiangalii bei, inaangalia mwenyewe.

Sheria yetu inayo mlango mzima kwa kitu kilichookotwa. Mtume (S.A.W.) aliulizwa habari ya ngamia aliyepotea, akakataza asichukuliwe, kwa sababu ana miguu yake na akiba yake ya maji, atajifikia mwenyewe mpaka bwana wake amkute. Alipoulizwa habari ya mbuzi au kondoo, aliruhusu achukuliwe, kwa sababu asipochukuliwa na mtu ataliwa na mbwa mwitu. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu wa Afrika ya Mashariki na huku Uvira tunayafuata, wakapima kwa kipimo hicho. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), katika kitabu chake Minhaj amemtaja njiwa waziwazi: ni mnyama anayejikinga kwa kuruka, kama ngamia anavyojikinga kwa nguvu zake. Basi akikutwa nyikani, inafaa kumchukua kwa nia ya kumhifadhi, na ni haramu kumchukua kwa nia ya kummiliki. Katika kijiji jambo ni jepesi zaidi, lakini wajibu wa kumtangaza unabaki. Na mahali pengine katika kitabu hicho hicho amesema kwamba njiwa wa mtu akihamia kwenye banda la mwenzake, mwenye banda inampasa kumrudisha. Karibu miaka 750 imepita tangu jambo hili liandikwe, na mwenye njiwa leo bado anangojea alirudishiwe lake.

Angalieni vizuri neno "nia". Watu wawili wanainama kumwokota njiwa mmoja. Kwa macho ni kitendo kimoja. Mmoja amechukua ili ahifadhi, huyo ana thawabu. Mwingine amechukua ili amiliki, huyo ni dhalimu. Hakuna shahidi kati yao ila Mwenyezi Mungu.

Na kumtangaza kwa leo si kazi. Zamani mtu alisimama mlangoni pa msikiti na sokoni, na hilo bado linafaa. Leo unaandika herufi na namba za pete, zote, bila kuruka hata moja, au unampiga picha kwa simu. Usiikate pete. Ukiikata umemfuta mwenyewe, ni sawa na kufuta jina kwenye barua. Kisha mpe mtu anayejua kutumia intaneti, au mwalimu wa shule, au watu wa utafiti wa ziwa hapo Uvira mjini, akusaidie kutafuta. Herufi za mwanzo huonyesha nchi: BELG ni Ubelgiji, NL ni Uholanzi, GB ni Uingereza. Vyama vya wafugaji wa njiwa vya nchi hizo huweka daftari la namba. Na ikiwa pete imeandikwa jina la makumbusho, kama ya London au Brussels, huyo ni ndege wa porini. Hana mwenyewe wa kumdai, lakini habari yake inangojewa. Waandikie namba, mahali na tarehe, kisha mwache aende zake.

Huenda mwenyewe akakujibu kwamba yuko mbali, hawezi kumrudia, umchukue. Hutokea sana. Hapo amekuwa wako kwa zawadi, na kitoweo chake ni halali safi. Tofauti kati ya jana na leo ni idhini tu, lakini idhini hiyo ndiyo inayotenganisha riziki na wizi.

Je, mwenye njaa ya kweli, ambaye watoto wake hawana kitu kabisa? Dini si ngumu. Dharura huhalalisha kilichokatazwa kwa kadiri yake, kama inavyofahamika katika Suratul Baqara, aya ya 173. Lakini wanazuoni wamesema: dharura haiondoi haki ya mtu. Umekula kwa njaa, sawa. Thamani ya ndege inabaki deni shingoni mwako, na mwenyewe akitokea utamlipa au umwombe akusamehe. Ukiingia katika jambo kama hili, mwulize sheikh wako kabla ya kisu, si baada ya mchuzi.

Mtu anaweza kusema: "Lakini hao njiwa wa mashindano huchezewa kamari. Kwa nini nisaidie kamari?" Ni swali zuri. Kamari ni haramu, na wanazuoni wamewakemea wanaopoteza umri wao kukimbiza njiwa kwa mchezo na dau. Lakini wamesema pia kwamba kufuga njiwa kwa mayai, kwa makinda, kwa kuliwaza nafsi na kwa kupeleka barua hakuna ubaya. Nuruddin Zengi, sultani mwadilifu wa Sham, aliweka posta ya njiwa mwaka 567 Hijria (1171) ili habari za mashambulizi mpakani zimfikie siku ile ile. Njiwa walilinda miji ya Waislamu. Basi kosa likiwapo ni la mwenye kuweka dau. Ndege hajaweka dau lolote. Yeye anatafuta nyumbani kwao.

JAMBO LA TATU: DHANA MBAYA

Tumebaki na yule mzee aliyesema mchawi na yule kijana aliyesema mpelelezi.

Kuhusu la kwanza, Mtume (S.A.W.) alipiga marufuku kuagulia kwa ndege, yaani kuona mkosi katika kuruka kwake au kutua kwake. Waarabu wa ujinga walimrusha ndege. Akienda kulia walisafiri, akienda kushoto walirudi. Uislamu ulifuta hayo. Ndege hana nguvu ya kukuletea kifo wala kukuondolea riziki. Anayemwua ndege kwa kuogopa uchawi ameua kiumbe bila haki, na ameonyesha kwamba moyoni mwake anamwogopa mwingine pamoja na Mwenyezi Mungu. Na mara ngapi baada ya ndege hutafutwa mtu? Hutafutwa bibi kizee asiye na mtetezi, akaambiwa ndiye aliyemtuma. Ole wetu siku bibi huyo atakaposimama mbele ya Mola wake na kuuliza alihukumiwa kwa ushahidi gani.

Kuhusu la pili, ujinga huo si wa kwetu peke yetu. Mwezi Mei 2023 huko Mumbai, India, njiwa alikamatwa karibu na bandari akiwa na pete miguuni na maandishi yanayofanana na ya Kichina. Wakasema ni mpelelezi. Akawekwa kizuizini miezi minane. Mwishowe ikajulikana kwamba ni njiwa wa mashindano wa Taiwan aliyepotea njia, wakamwachia tarehe 30 Januari 2024. Agosti 2013 huko Misri korongo naye alishikwa kwa sababu ya kifaa alichobeba cha watu wa elimu, akadhaniwa jasusi. Aliachiwa, na baadaye akaliwa. Miezi minane ya kifungo, na kitu pekee kilichohitajika kilikuwa mtu wa kusoma pete kwa utulivu na kuuliza.

Tazama sasa mwenendo wa Nabii Sulaiman (A.S.), katika Suratun Naml. Alimkosa hudhud katika safu, akakasirika, akaahidi adhabu kali. Lakini alifungua mlango mmoja: isipokuwa kama ataleta hoja iliyo wazi. Ndege alipofika na habari ya nchi ya Saba, Sulaiman hakumpinga wala hakumwamini papo hapo. Alisema atachunguza kama ni mkweli au ni mwongo, akampa barua. Mfalme mwenye majeshi ya majini na watu alimsikiliza ndege kabla ya kumhukumu. Sisi tunahukumu watu kabla ya kuwauliza hata jina.

Na kuna kisa kingine kinachotuhusu sisi wa Afrika. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipatikana korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umemchoma shingo ukapitiliza. Mkuki ulikuwa wa Afrika ya kati. Wakati ule wako watu wa Ulaya waliodhani kwamba ndege wakati wa baridi hujificha chini ya maji au ndani ya matope. Korongo yule akawafundisha ukweli kwa jeraha lake: alikuwa amekuja kwetu, mtu akamrushia mkuki, naye akaruka na mkuki wake mpaka Ujerumani. Bado amehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock, mkuki wake shingoni. Tufikiri jambo hili, ndugu zangu. Ushahidi mmojawapo wa kwanza ulioonyesha kwamba nchi zao na zetu zimeunganishwa na ndege ulikuwa mkuki. Je, mimi na wewe leo tutume nini juu ya ndege atakayerudi? Alama ya mkuki, au namba ya pete iliyoandikwa vizuri na mtu wa Bijombo aliyempa maji?

KHUTBA YA PILI

Ndugu Waislamu, huenda mmoja wenu ananung'unika: "Sheikh, watu wanateseka, na wewe unatuhutubia njiwa." Amesema kweli kwamba watu wanateseka. Kati ya 2018 na 2020 vijiji vingi vya Bijombo vilichomwa, ng'ombe wakaporwa, maelfu wakakimbia, wengine wakashuka Uvira kwa miguu na watoto mgongoni, wengine wakavuka Burundi. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba za watu mjini Uvira na kuua wengi. Wako waliofika mlangoni pako wakiwa kama ndege yule: wamejikunyata, macho nusu wazi, hawana la kusema.

Na ni nani aliyekuwa akisimama mlangoni? Ni wale wale watatu. Mmoja akatazama alichobeba mkimbizi na kuuliza atapata nini. Wa pili akasema wameleta mkosi. Wa tatu akasikia lugha yao na kusema ni wapelelezi wa upande ule. Mfuliiru akamshuku Munyamulenge, Munyamulenge akamshuku Mnyindu, Mvira akawashuku wote, na kila mmoja akasoma pete ya mwenzake kwa hofu badala ya kuisoma kwa kuuliza. Suratul Hujuraat, aya ya 12, inatuamuru tuepuke dhana nyingi, maana baadhi yake ni dhambi. Na aya ya 13 inatueleza kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane.

Ndege si bora kuliko mwanadamu. Lakini mkono ni ule ule mmoja. Mtoto anayefundishwa leo kumpiga jiwe mgeni asiyejua kusema, kesho hatauliza kama mgeni ni ndege au ni mtu. Na mtoto aliyemwona baba yake anazuia kisu, anatafuta katoni, anaweka maji, anaandika namba, kisha asubuhi anamfungulia mgeni aende zake, huyo amefundishwa jambo ambalo khutba mia hazimfundishi.

Mpita njia ana haki katika mali zetu. Mwenyezi Mungu amemtaja miongoni mwa wale wanane wanaostahili zaka katika Suratut Tawba, aya ya 60. Wahenga nao wamesema, mgeni njoo mwenyeji apone. Basi kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja wetu afanye mawili. Awafundishe watoto wake yale mambo sita tuliyoyaandika. Na amtazame mgeni mmoja aliye karibu naye, aliyechoka, ampe maji, amwulize jina lake na kwao ni wapi, kisha anyamaze asikilize.

Ewe Mola wetu, utusamehe sisi, wazazi wetu na Waislamu wote, waliohai na waliokufa. Ewe Mola, warudishe makwao waliopotea njia na waliofukuzwa makwao. Ewe Mola, iteremshie amani milima ya Bijombo, bonde la Ruzizi na mwambao wa Tanganyika. Ewe unayewashika ndege angani, tushike na sisi tusianguke. Na tukianguka, tuangushe mlangoni pa mwenye huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu na ya Mtume wake. Usiitupe chini wala usifungie bidhaa. Ukimaliza kusoma, mpe mwingine.)